Kumsindikiza Mgonjwa wa Saratani na Anayemuuguza: Mwongozo kwa Wanaojitolea

Mgonjwa akitoka chumba cha daktari baada ya kuambiwa ana saratani, huwa na watu wa aina mbili karibu naye. Yupo mtaalamu mwenye foleni ndefu mlangoni, na yupo ndugu ambaye pengine ameshtuka kuliko mgonjwa mwenyewe. Anayekosekana ni wa tatu: mtu aliyewahi kukalia benchi lile lile, akatundikiwa dripu zile zile au akamuuguza mama yake mpaka mwisho, na leo anaweza kukaa na mwenzake nusu saa bila haraka.

Mwongozo huu ni wa watu hao wa tatu na vikundi vinavyowaandaa. Tumeangalia zaidi mazingira ya Tanzania, ambako mgonjwa wa Katavi au Lindi husafiri mpaka hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi, akakaa wiki kadhaa mbali na kwao. Kazi ni kusindikiza. Kutibu kuna daktari, mawaidha yana shehe na mchungaji, na michango ni ya ukoo na majirani. Mjitolea akijibebesha na hizo, ile yake inabaki bila mtu wa kuifanya.

1. Chagua watu kwanza

Anayefaa ni aliyemaliza tiba na mwaka mmoja au zaidi umepita. Aliyeuguza na kufiwa naye asubiri mwaka tangu msiba. Mtu ambaye jeraha lake bado bichi akisikia habari za mwenzake hukumbuka za kwake, na ziara inageuka: mgonjwa ndiye anayembembeleza mgeni.

Usaili uwe mfupi. Mwombe akusimulie ugonjwa wake kwa dakika tano. Akifika dakika ya ishirini na bado yuko kwenye siku ya upasuaji, au hasira yake kwa muuguzi fulani bado inawaka, muda wake haujafika. Usimwache aende mikono mitupu. Kushona matiti bandia, kupanga usafiri na kupiga simu za kukumbusha tarehe za kliniki ni kazi kubwa zinazohitaji mtu makini. Kisha muulize kwa nini anataka kujitolea. "Nilikosa mtu wa kuniambia ukweli" ni jibu zuri. "Nataka watu waijue dawa iliyoniponya" ni jibu la kumkatalia, hata kama ni mpole na ana nafasi ya kutosha.

Anza na watu 6 hadi 10, na wanaume wasikosekane. Mzee mwenye saratani ya tezi dume, aliyewekewa mpira wa mkojo, hatamweleza binti wa umri wa mjukuu wake jinsi anavyoamka amelowa.

2. Ruhusa na siri

Andika barua moja kwa mkurugenzi au mganga mfawidhi, ukitaja wodi, siku, saa na majina ya wajitolea. Baada ya hapo, watakaowafungulia mlango au kuwafungia ni wawili: muuguzi mfawidhi wa wodi na afisa ustawi wa jamii. Onaneni nao ana kwa ana kabla ya ziara ya kwanza, muwaulize saa ambazo hamtawakwaza. Wakati wa daktari kupitia wagonjwa na wakati wa dawa hampaswi kuwa kitandani. Kila mmoja awe na kitambulisho chenye picha.

Kila mjitolea asaini ahadi ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo orodha ya wagonjwa haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata liwe la wajitolea peke yao. Katika daftari la kikundi mgonjwa ni herufi na namba, kwa mfano K14. Picha hazipigwi, hata mgonjwa akiomba, kwa sababu simu moja ikishapita mikononi mwa watu watatu hakuna anayejua picha imefika wapi.

3. Mafunzo ya siku tatu

Siku ya kwanza ni ya ugonjwa wenyewe: saratani zinazoonekana sana wodini, yaani mlango wa kizazi, titi, umio na tezi dume, na kwa watoto uvimbe wa Burkitt unaotokea mara nyingi tayani; tofauti ya upasuaji, mionzi na kemo (dawa za kuua saratani); na dalili za hatari tutakazozitaja mbele. Siku ya pili ni ya kusikiliza. Siku ya tatu ni ya mipaka, siri na kifo.

Zoezi moja la siku ya pili lina faida kuliko mihadhara yote. Mmoja akae kama mgonjwa, mwingine kama mjitolea, wa tatu ashike saa. Mgonjwa aseme sentensi moja tu: "Naona sitafika Krismasi." Mjitolea asiseme lolote kwa sekunde kumi. Wengi hushindwa. Sekunde ya tatu wameshasema "usiseme hivyo" au "jikaze mama". Neno "jikaze" tunalitoa kwa upendo, lakini anayelipokea anaelewa kwamba hofu yake haina nafasi hapa, na kesho atacheka tu ukija. Baada ya zile sekunde kumi, jibu lifaalo ni fupi: "Pole. Nini kimekufanya uwaze hivyo leo?" Mara nyingi nyuma ya sentensi ile kuna jambo lenye jina: jirani wa kitanda cha pili amefariki usiku, au amesikia madaktari wakitaja "hatua ya nne", yaani saratani iliyosambaa mbali mwilini.

Fundisheni pia maneno ya kuacha nyumbani. "Mficha maradhi kifo humuumbua" inafanya kazi yake kwenye kampeni ya uchunguzi. Ukimwambia mama aliyezungushwa zahanati nne kwa miezi minane akipewa dawa za tumbo, unamhukumu.

4. Kumpata wa kumfaa

Linganisha kwanza aina ya saratani na tiba, kisha jinsia, kisha lugha, kisha umri. Lugha hudharauliwa, na hapo ndipo ziara nyingi hufa. Mama kutoka kijiji cha Kagera au Simiyu anaweza kuitikia "ndiyo" kwa kila swali la Kiswahili, na akizungumzishwa Kihaya au Kisukuma akamwaga yote yaliyomjaa moyoni.

Mgonjwa aulizwe na muuguzi kama anataka kutembelewa, na aulizwe mjitolea akiwa hayupo, ili akatae bila aibu. Mjitolea mmoja asiwe na wagonjwa zaidi ya 3 kwa wakati mmoja. Akiwa nao watano, ataanza kuchanganya majina ya watoto wao, na hilo linauma kuliko kutokwenda kabisa.

5. Ziara ya kwanza, tangu mlangoni

Kabla ya kuingia muulize muuguzi: je, mgonjwa anajua anaumwa nini, leo ameamkaje, na kuna tahadhari yoyote ya maambukizi? Mwenye mafua, kikohozi au tumbo la kuhara haingii wodini, hata kama aliahidi. Nawa mikono kwa sabuni. Usijifukize udi wala kujipulizia manukato, kwani mtu aliye kwenye kemo huchefuliwa na harufu ambazo zamani alizipenda.

Simama anapoweza kukuona, umwamkie inavyompasa: "Shikamoo mama. Pole na kuugua." Taja jina lako, uombe ruhusa ya kukaa. Kaa kwenye stuli, macho yenu yawe usawa mmoja. Kitanda ni chake, usikikalie. Kisha mgeukie aliye pembeni, dada au mume au binti, na yeye mpe pole ya kuuguza. Wageni wengi humpita kama kiti.

Jieleze kwa sentensi tatu: "Mimi si daktari wala muuguzi. Nilipata saratani ya titi, nikamaliza tiba. Nimekuja kukusikiliza, na ukichoka uniambie." Halafu uliza swali moja: "Madaktari wamekueleza nini?"

Swali hilo linakukinga na kosa kubwa. Katika familia nyingi mgonjwa hajaambiwa. Ndugu wamekubaliana kumwita "mwenye uvimbe", na mtoto mkubwa amemwomba daktari anyamaze. Kufichua si kazi yako, na kudanganya pia si kazi yako. Tumia neno lile lile analotumia yeye: akisema "kidonda", nawe sema kidonda. Akikukazia macho na kuuliza, "Hii ni saratani, eti?", mjibu: "Hilo ni swali la daktari wako, na una haki ya kujibiwa. Tumwombe aje akueleze, na mwanao awepo?" Kabla ya kuondoka, mjulishe muuguzi kuwa swali limeulizwa.

Wodi za saratani ya mlango wa kizazi zina jambo jingine la kuzingatia. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaoishi na virusi vya ukimwi, na kwa hiyo minong'ono ni mingi. Usiulize, usidokeze, na akikwambia mwenyewe usiliandike popote.

Dakika 20 zinatosha. Habari zako zitoke akikuuliza, kwa dakika mbili, bila kulinganisha dozi wala hatua ya ugonjwa, kwa sababu aliye na hatua ya tatu akisikia wewe ulikuwa ya pili anaacha kusikiliza. Malizia hivi: "Kuna jambo gani moja linalokusumbua kabla ya kesho?" Jibu huwa nauli, ada ya mtoto aliyeachwa nyumbani, au kwamba hajapata choo siku tano. Choo kipeleke kwa muuguzi, nauli kwa ustawi wa jamii. Mwisho mpe siku na saa ya kurudi, na urudi.

Kwenda na kitu chenye manufaa mkononi ni desturi ya zamani katika kazi hii. Terese Lasser, Mmarekani aliyeondolewa titi mwaka 1952, alipoanza kuwatembelea waliofanyiwa upasuaji kama wake aliwapelekea mpira mdogo na kamba za kuzoeza mkono, pamoja na titi bandia la muda. Mpango wake, Reach to Recovery, ulikuja kuchukuliwa na American Cancer Society, shirika la saratani la Marekani. Vitu hivyo bado vinafaa, na kwetu vinapatikana kwa bei ndogo.

Titi bandia lishonwe kwa kitambaa laini cha pamba, mshono ukigeuzwa ndani usikwaruze kovu. Wiki za kwanza ndani iwe pamba tupu, kwa sababu kidonda hakibebi uzito. Kidonda kikishapona na daktari akiridhika, weka mfuko wa ndani wenye ulezi au mtama mkavu, ukiongeza kidogo kidogo mpaka sidiria ikae sawa pande zote mbili. Bila uzito, upande mmoja hupanda na bega huanza kuuma. Nafaka ibadilishwe ikipata unyevu, la sivyo huota ukungu. Mkumbushe pia kuutaja upande uliofanyiwa upasuaji kabla ya kuchomwa sindano au kupimwa presha mkononi, na kutobeba ndoo ya lita 20 kwa mkono huo mpaka aruhusiwe. Mkono ukianza kuvimba au pete kubana, arudi kliniki mapema.

6. Siku 21 za kemo

Dawa nyingi za dripu hurudiwa kila baada ya siku 21, na kila siku katika hizo ina tabia yake. Hapa mjitolea anayejua hesabu anaokoa maisha.

Nunua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto andika maswali ya daktari, wa kulia hali ya kila siku. Mstari mmoja unatosha: "Jumatano, siku ya 3. Uji vikombe 2. Katapika mara 4. Joto 37.4. Choo hakuna." Daktari mwenye dakika sita akipewa ukurasa huo anaelewa wiki tatu. Akiulizwa "unaendeleaje?" bila daftari, mgonjwa atasema "naendelea vizuri daktari", kwa adabu, na dozi itarudiwa ile ile.

Siku ya 1 hadi ya 4 ni za kichefuchefu. Dawa ya kuzuia kutapika hunywewa kwa saa zilizoandikwa, hata kama tumbo limetulia. Ukingoja mpaka atapike, itatoka nayo. Apikiwe mbali na alipolala, ale kidogo mara 5 au 6, chakula kiwe cha vuguvugu au baridi. Nyama ikimpa ladha ya chuma, ajaribu mayai, dagaa au maharage, na kijiko cha plastiki. Aliyepewa dawa nyekundu, doksorubisini, aambiwe mapema kuwa mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, maana wapo waliokimbizana usiku wakidhani ni damu. Kwa saa 48 anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu, choo kimwagiwe maji mengi, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake.

Siku ya 7 hadi ya 14 ndizo za hatari. Askari wa mwili kwenye damu huwa wamepungua kabisa, na mgonjwa anaweza kuonekana na nafuu. Joto likifika 38, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Kosa la kwetu linajulikana: homa ikipanda tunasema malaria, tunanunua dawa mseto na panado duka la dawa, joto linashuka, na maambukizi yanaendelea kutambaa kwenye damu. Mfundishe anayeuguza mambo matatu: kipimajoto kiwepo nyumbani, panado isitolewe kabla ya kupima na kuongea na hospitali, na akifika mapokezi aseme kwa sauti, "Mgonjwa wa kemo, siku ya 9, ana homa." Kipimo cha malaria kitachukuliwa huko huko.

Kipindi hicho ndipo vidonda vya mdomo hutokea. Chemsha lita moja ya maji, yapoe, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea. Asukutue mara 4 hadi 6 kwa siku na kutema. Mswaki uwe laini. Kama dawa zake ni za kung'oa nywele, zitaanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu. Wengi huona nafuu wakinyoa mapema kuliko kukusanya nywele kwenye mto kila asubuhi.

Dalili nyingine za kwenda hospitali bila kungoja kliniki: kushindwa kuweka hata maji tumboni kwa saa 24, damu ya ukeni inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba, kushindwa kupumua, na maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu au mkojo kukataa kutoka. Hili la mwisho watu huliita uchovu. Uti wa mgongo unaweza kuwa umekandamizwa, na akichelewa siku mbili tatu anaweza asitembee tena.

7. Mionzi na hesabu ya nauli

Mionzi ya nje mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Kila kipindi ni dakika chache, mgonjwa amelala peke yake chumbani, hasikii maumivu. Mwambie mapema kwamba hatakuwa na mionzi mwilini baada ya hapo na anaweza kumpakata mtoto wake. Wapo akina mama waliowakimbia watoto wao wiki nzima kwa hofu hiyo. Alama za wino zisisuguliwe. Ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu, bila sabuni ya manukato, poda wala mafuta yoyote asiyopewa kliniki. Kanga laini inafaa kuliko nguo ya kubana. Baada ya mionzi ya nyonga uke hubana, na namna ya kuutunza hufundishwa na muuguzi; mjitolea mwanamke ndiye wa kumwuliza mwenzake kama amefundishwa.

Saratani ya mlango wa kizazi ina saa yake: mionzi ya nje na ile ya ndani, inayoingizwa kwa njia ya uke, inatakiwa iishe yote katika wiki 8. Ikirefuka zaidi, nguvu ya tiba inapungua. Ndiyo maana nauli na mahali pa kulala tunavihesabu kama dawa. Kaeni na familia mpige hesabu kabla ya siku ya kwanza. Kama kwenda na kurudi kwa watu wawili ni shilingi 4,000, siku 25 ni shilingi 100,000, na hapo chakula hakijaguswa. Familia nyingi huanza tiba zikiwa na fedha ya siku kumi, zikitumaini, na mgonjwa hukatiza katikati. Hesabu ikionyesha pengo, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kitambulisho, na majibu ya kipimo cha nyama iliyokatwa kwenye uvimbe. Majina kwenye karatasi zote yafanane. "Mwanaisha" hapa na "Asha" pale huweza kumrudisha kijijini. Walioko Kenya wahakikishe usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya, uko sawa kabla ya tarehe ya tiba, kwa kuwa ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa bima wa huko, tangu Oktoba 2024.

8. Anayeuguza

Tukilazimishwa kuchagua sehemu moja ya mwongozo huu, tungechagua hii. Anayeuguza halali, hali, hajalipwa, na kila anayempigia simu anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mpigie wewe umuulize, "Wewe umelala saa ngapi?"

Kwanza, mpate wa pili. Keti naye, mwandike majina ya ndugu wote, na mbele ya kila jina kazi moja ndogo yenye siku: kaka wa Morogoro, nauli ya kila Jumatatu, shemeji, kulala na mgonjwa Ijumaa, binti wa kidato cha nne, kufua Jumamosi. Ombi la "tusaidiane jamani" kwenye kundi la familia halina mwenyewe. Ombi lenye jina na siku hujibiwa.

Pili, mwonyeshe kwa mikono. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mto mwembamba ukiwekwa kati ya magoti na visigino vikiachwa vielee. Kumwinua, anayeinua akunje magoti, mgongo wake unyooke, amvute kwa shuka iliyokunjwa badala ya kumvuta makwapani. Kidonda kinachonuka hufukuza wageni na kumvunja mgonjwa moyo kuliko maumivu; waulize wauguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso, kuhusu metronidazoli ya kusagwa inayonyunyiziwa juu ya kidonda, kwani hupunguza harufu kwa siku chache.

Tatu, mofini, dawa kali ya maumivu. Ndugu wengi huiita dawa ya kufia na kuificha kabatini. Eleza kuwa ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, kabla maumivu hayajarudi, na kwamba karibu kila anayeitumia hufunga choo, kwa hiyo apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Vipimo ni vya daktari peke yake. Mgonjwa akilala sana kiasi cha kutoamka, au akipumua taratibu mno, wapige simu hospitali.

Halafu mruhusu kuchoka. Binti anayesema "natamani iishe" hamuombei mama yake kifo. Mwache amalize kulia. Usimkimbilie na aya.

9. Kikundi cha kila mwezi

Watu 8 hadi 12, viti kwa duara, dakika 90, chai mwishoni. Wagonjwa na wanaouguza wakae vyumba tofauti angalau nusu ya muda, kwa sababu hakuna atakayesema amechoka mbele ya anayemchosha. Anayeongoza aanze kwa kanuni tatu: la hapa halitoki, hakuna kumpa mwenzako dawa, hakuna kumkatiza.

Mitishamba itatajwa. Wanaokumbuka Samunge, Loliondo, mwaka 2011 na kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500 wanajua jinsi tumaini linavyojaza magari barabarani. Kumcheka aliyekwenda ni kumfunga mdomo, na safari ijayo atakunywa kimya kimya. Muulize anatumia nini, kiasi gani, tangu lini. Andika kwenye lile daftari. Mwombe aisimamishe mpaka daktari aione, kwani zipo zinazolemea ini na figo wakati kemo tayari inavilemea.

10. Mambo yanayoharibu kazi

Fedha huharibu kuliko yote. Usimkopeshe mgonjwa, usipokee michango kwenye namba yako, usishike simu wala namba ya siri ya mgonjwa hata kumtolea shilingi elfu tano. Mtu mwema kabisa huitwa mwizi kwa sababu salio halikukumbukwa vizuri. Simu zipokelewe saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na mgonjwa apewe namba ya wodi kwa usiku. Kikundi kirudishe nauli na vocha za wajitolea. Wasiporudishiwa, baada ya miezi mitatu wanabaki wenye magari tu.

Kuahidi kupona ni kosa, na kuahidi kwamba "utakuwa kama mimi" ni hilo hilo kwa sauti nyingine. Vifo visitangazwe usiku kwenye kundi la WhatsApp; asubuhi, mtu mmoja awapigie waliokuwa karibu naye. Mjitolea aliyefiwa na mgonjwa apumzike mwezi mmoja kabla ya kupewa mwingine, na ugonjwa wake ukirudi, avue kitambulisho akae upande wa pili wa stuli, atembelewe kama wengine.

11. Tiba ikikoma

Siku daktari akisema hakuna dripu nyingine, wageni hupungua. Wewe ongeza ziara, zifupishe. Uliza kama anataka kurudi kwao, mapema, akiwa bado anaweza kukaa kwenye basi. Kusafirisha mwili ni gharama na majonzi ambayo familia nyingi zingeepuka kwa wiki moja ya kuwahi. Ukiulizwa "nakufa?", zile sekunde kumi za mafunzo zina kazi sasa. Kisha: "Wewe unaonaje?" Atakwambia anachotaka kipangwe: shamba, mtoto wa mwisho, deni la duka.

Msibani nenda kama jirani, bila fulana ya kikundi. Ziara yako iwe baada ya matanga, viti vikisharudishwa, kama wiki mbili baadaye, na nyingine karibu na arobaini. Kaa na aliyeuguza, umsaidie kukusanya dawa zilizobaki. Mofini irudishwe kliniki ya tiba shufaa, isibaki kabatini na isipewe jirani mwenye maumivu. Daftari ni la familia. Namba ya marehemu itolewe kwenye orodha ya kukumbushiwa kliniki siku hiyo hiyo, ili simu yake isilie Jumatatu asubuhi mkononi mwa mwanawe.